Baraza la Madaktari Lisingoje Mgonjwa Aumie

Mkulima anayenunua jembe huligonga na kulipima mkononi kabla ya kutoa fedha yake. Mzazi anayempeleka mtoto shule anaweza kufungua daftari la mtoto na kuona kama mwalimu amefundisha. Lakini mgonjwa anayelazwa juu ya meza ya upasuaji hana la kupima. Hajui daktari yule alisoma wapi, alifuzu namna gani, wala amekwisha kushika kisu mara ngapi. Analala, anafumba macho, anaamini. Imani hiyo haitokani na ujinga wake. Inatokana na ahadi ambayo Taifa limemwekea, kwamba asiyestahili hataruhusiwa kumgusa. Kwa upande wa Tanzania Bara, chombo kilichokabidhiwa ahadi hiyo ni Baraza la Madaktari Tanganyika.

Baraza hilo si geni. Mizizi yake imo katika sheria ya madaktari na madaktari wa meno ya mwaka 1959, yaani kabla ya Uhuru. Sheria hiyo ilifutwa, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria Na. 11 ya mwaka 2017, ambayo imeweka chini ya Baraza madaktari, madaktari wa kinywa na meno, na wanataaluma wengine wa afya wanaoshirikiana nao, wakiwamo matabibu. Zanzibar, kwa kuwa afya si jambo la Muungano, ina baraza lake. Wauguzi na wakunga wana chombo chao, wafamasia wana chao, na waganga wa tiba asili na tiba mbadala wana chao.

Kazi za Baraza la Madaktari zinaweza kugawanywa katika mafungu manne. Kwanza, hutunza daftari la usajili, ili ijulikane nani ni daktari na nani si daktari. Pili, huangalia mafunzo, yaani vyuo, mitaala na hospitali ambamo vijana hujifunzia kazi. Tatu, hutoa leseni na kuhakikisha kwamba aliyekwisha kusajiliwa anaendelea kujielimisha. Nne, husikiliza mashtaka ya utovu wa maadili na kuadhibu.

Wananchi walio wengi hulifahamu fungu hili la nne tu. Jina la Baraza husikika pale mgonjwa alipokufa, ndugu walipolalamika, au mtu mwenye koti jeupe alipokamatwa wodini naye hana cheti chochote. Kwa hiyo Baraza limezoeleka kuwa kama mahakama ya madaktari, na sifa yake hupimwa kwa idadi ya waliofutwa. Ieleweke wazi kwamba kipimo hicho si sahihi. Mahakama hukaa baada ya kosa, na katika kazi ya udaktari kosa likishatendeka, maji yamekwisha kumwagika. Kumfuta daktari katika daftari ni haki, lakini hakumrudishii mama uhai wake. Shina la kazi ya Baraza ni fungu la pili, yaani mafunzo, na hasa mafunzo ya kazini. Hapo ndipo Baraza linapopaswa kupimwa.

Mfano mmoja unatosha kulithibitisha jambo hili. Mwezi Novemba mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walipelekwa katika chumba cha upasuaji. Mmoja alikuwa na maradhi ya goti, mwingine alikuwa na maradhi ya kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Mgonjwa wa kichwa alifariki baadaye, na nchi nzima ilishtuka. Jambo la kutafakari ni kwamba waliofanya kazi ile hawakuwa matapeli. Walikuwa watu waliosoma, wenye sifa na usajili. Daftari la Baraza halikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika desturi za kazi. Tukio la namna hiyo lilitokea pia Nairobi mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa alipofunguliwa ubongo ambao haukuhitaji kuguswa, kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa vilichanganywa.

Dawa ya makosa ya aina hii ilijulikana, na sehemu ya ujuzi huo ilipatikana hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio ya karatasi moja yenye maswali 19, ambayo watumishi wa chumba cha upasuaji huulizana kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Jina la mgonjwa ni nani? Anapasuliwa nini, na upande upi? Zana zimehesabiwa? Hospitali nane duniani zilishiriki, na pamoja na hospitali za London, Seattle na Toronto ilikuwamo hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hapakununuliwa mtambo mkubwa. Kilicholetwa ni nidhamu ya kuulizana.

Nidhamu hiyo haipatikani kwa kusikiliza mhadhara, wala haiingii mwilini kwa kutishiwa adhabu. Hupatikana kwa kijana kufanya kazi chini ya macho ya mkubwa anayeifuata mwenyewe kila siku. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa daktari, ubichi huo ni mwaka wa utarajali.

Nchini Tanzania kijana husomea udaktari kwa miaka mitano. Akifaulu, chuo humpa shahada, lakini shahada hiyo haimpi ruhusa ya kutibu peke yake. Husajiliwa kwa muda tu, kisha hupelekwa hospitali kwa miezi 12 akiwa daktari mtarajali. Huzunguka katika idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Katika kila idara anapaswa kuwa na daktari mkubwa wa kumwelekeza na kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba kijana huyu ameona, ametenda na ameweza. Sahihi hizo zikitimia, ndipo Baraza linapoweza kumpa usajili kamili.

Kwa maneno mengine, Taifa limeweka maisha ya watu wake juu ya sahihi za madaktari wasimamizi. Sahihi ikiwa ya kweli, ahadi kwa mgonjwa inatimizwa. Sahihi ikitolewa kwa mazoea au kwa huruma, ili kijana asichelewe kuajiriwa, basi Baraza linasajili karatasi. Inapotokea kwamba watarajali ni wengi na msimamizi ni mmoja, naye ana wodi iliyojaa, kliniki, vikao na safari za kikazi, kijana hujifunza kutoka kwa mtarajali mwenzake aliyemtangulia kwa miezi mitatu. Usiku, mama anapoletwa kutoka kijijini na uchungu wa siku mbili, anayemkuta ni kijana huyo. Akipata mwelekezaji atamwokoa mama na kuwa daktari bora. Akikosa, atajifunza juu ya mwili wa mama huyo, na gharama atailipa mama.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari haiwezi kuchagua sana. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa uhaba ni wa kweli na una historia yake. Idadi inayotajwa mara nyingi ya madaktari Waafrika wa Tanganyika wakati wa Uhuru mwaka 1961 ni 12. Waliopata bahati ya kusoma udaktari kabla ya hapo walikwenda Makerere. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yakafuata mwaka 1979. Nchi imepiga hatua kubwa tangu hapo. Hata hivyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipokadiria kwamba kila watu 1,000 wanahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa jumla, Tanzania ilikuwa mbali sana na kiwango hicho.

Lakini historia hiyo hiyo ndiyo inayoijibu hoja. Tanzania haikukabili uhaba kwa kulegeza mafunzo. Ilikabili uhaba kwa kubuni kada zenye mafunzo mafupi zaidi, yaliyolenga kazi maalumu na kusimamiwa vizuri. Madaktari wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza miaka ya 1960, walikuwa watu waliokwisha kufanya kazi ya utabibu kwa miaka kadhaa, kisha wakaongezewa elimu, pamoja na upasuaji wa dharura. Wakapelekwa wilayani, mahali ambapo wenye shahada walikuwa wachache. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za mikoa hiyo ilifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo ya kazi yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada.

Fundisho la jambo hilo ni kubwa. Cheo hakikuwaokoa akina mama wa Mwanza na Kigoma. Mafunzo ya mikono ndiyo yaliyowaokoa. Kwa hiyo anayesema kwamba uhaba unalazimisha kulegeza usimamizi anakwenda kinyume na yale ambayo nchi yenyewe imekwisha kuyathibitisha. Mfupi wa masomo aliyesimamiwa ni salama kuliko mrefu wa masomo aliyeachwa peke yake.

Mazingira ya kazi ya Baraza nayo yamebadilika sana. Kwa miaka mingi mwajiri wa daktari alikuwa karibu mmoja. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, zikabaki hasa za Serikali na za mashirika ya dini. Daktari mwenye mwenendo mbaya alijulikana kwa mwajiri wake, na mkono wa utawala ulimfikia hata kabla ya Baraza kukutana. Mwaka 1991 sheria hiyo ilirekebishwa, na huduma binafsi zikaruhusiwa tena. Tangu miaka ya 1990 vimeanzishwa pia vyuo vikuu binafsi vya udaktari, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki mwaka 1997. Wapo pia vijana wanaorudi na shahada kutoka China, Urusi na kwingineko, ambao kila mmoja amefundishwa kwa utaratibu wa nchi nyingine na kwa wagonjwa wenye maradhi tofauti.

Mabadiliko hayo yameongeza hospitali na madaktari, na hilo ni jema. Lakini yameliondolea Baraza msaidizi mkubwa, yaani mwajiri mmoja anayeona yote. Daktari akiachishwa kazi katika zahanati moja ya mjini anaweza kuomba kazi katika nyingine kesho yake. Katika hali hiyo daftari la Baraza ndilo peke yake linaloweza kumfuata mtu kutoka mkoa hadi mkoa. Na chuo kinachotegemea ada za wanafunzi kina kishawishi cha kupokea wengi kuliko vitanda vya hospitali yake vinavyoweza kuwafundisha. Tume ya Vyuo Vikuu huangalia chuo kama chuo: walimu, madarasa, maktaba. Baraza halina budi kuangalia kitu kingine, nacho ni mgonjwa. Je, kila mwanafunzi amepata wagonjwa wa kutosha wa kujifunzia? Je, kila mgonjwa amepumzika vya kutosha, au kila asubuhi anapapaswa na mikono 20?

Jambo hili halihusu madaktari wa tiba peke yao. Meno hudharauliwa mara nyingi kwa kuwa watu hudhani kwamba jino haliui. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani ya kile kilichoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, ufizi wake ulitazamwa, na vijimeno ambavyo havijaota vikang'olewa kwa chombo kisichosafishwa. Watoto walivuja damu, wakapata maambukizo, na ugonjwa wenyewe uliohitaji dawa ukaachwa. Waliofanya hivyo hawakuwa madaktari wa meno, nao walifanikiwa kwa sababu mahali pale hapakuwa na daktari wa meno wa kuulizwa. Pengo lisipojazwa na mwenye elimu hujazwa na asiyekuwa nayo. Kwa sababu hiyo Baraza haliwezi kujitosheleza kwa kuwakamata wasio na leseni. Lazima liwe sauti inayoikumbusha Serikali na vyuo kwamba wenye leseni wanatakiwa kufundishwa kwa idadi na kwa ubora, na kwamba wawe tayari kwenda kuliko na watu.

Lipo jambo jingine linalohitaji kusemwa bila kificho. Utaratibu wa wanataaluma kujisimamia wenyewe ulirithiwa kutoka Uingereza, ambako baraza la madaktari liliundwa kwa sheria ya mwaka 1858. Hoja ya utaratibu huo ina nguvu: aliyejifunza kazi ndiye awezaye kutambua kosa la kazi. Lakini ina udhaifu wake pia. Wanaosomea shule moja, wakala chakula meza moja na kukutana katika chama kimoja huona haya kuhukumiana. Waingereza wenyewe walilitambua hilo, na leo baraza lao lina wajumbe 12, ambao nusu yao si madaktari. Huko hakuna aliyesema kwamba taaluma imevunjiwa heshima. Taaluma iliyo imara haiogopi kutazamwa na wale inaowatumikia.

Kwa msingi huo, yapo mambo machache ambayo yakisimamiwa kwa dhati yataondoa sehemu kubwa ya matatizo. Hospitali inayopokea watarajali ikaguliwe kila wakati, wala si siku ya kuidhinishwa tu; na idadi ya watarajali itokane na idadi ya wasimamizi waliopo, isitokane na idadi ya vijana wanaongoja. Hospitali isiyoweza kufundisha iondolewe katika orodha bila kujali ukubwa wa jina lake. Saa za kufundisha zihesabiwe kuwa kazi halali ya daktari msimamizi, naye aandikiwe katika majukumu yake. Na anayetia sahihi juu ya kazi asiyoiona ahesabiwe kuwa ametenda kosa la maadili sawasawa na aliyemtelekeza mgonjwa. Mtarajali naye apewe njia ya kusema, bila hofu ya kunyimwa usajili, kwamba ameachwa peke yake usiku. Hukumu za Baraza, pamoja na sababu zake, zitangazwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ili hospitali nyingine zijifunze.

Hayo hayawezekani bila fedha. Ukaguzi ni magari, mafuta, posho na watu. Baraza linalotegemea ada za wale wale linaowasimamia, na ambalo watumishi wake ni wachache, litaishia kukagua kwa barua. Wanaopanga bajeti wanapaswa kukumbuka kwamba gharama ya kumkagua msimamizi mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kumpeleka ng'ambo mgonjwa mmoja aliyeharibiwa.

Watumishi wa umma na walimu nao wana sehemu yao. Mara nyingi mwalimu ndiye anayeulizwa kijijini kama mtu aliyefungua duka la tiba njia panda ni daktari kweli. Ofisa wa kata na wa wilaya ndiye anayepita mbele ya zahanati hiyo kila siku. Kuuliza jina la daktari na namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Daktari wa kweli hujibu bila kukasirika, kwa kuwa namba hiyo ndiyo heshima yake. Daftari la usajili si siri ya ofisi. Limeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa asiyejua kwamba daftari lipo ni sawa na mtu mwenye shamba asilolijua. Mwalimu anaweza kulifundisha hilo kama anavyofundisha kuchemsha maji na kunawa mikono.

Hapana shaka kwamba wapo madaktari wengi nchini wanaofanya kazi usiku na mchana katika hali ngumu, kwa uaminifu usiotangazwa na mtu yeyote. Usimamizi thabiti wa mafunzo hauwadhalilishi hao. Unawalinda, kwa kuwa daktari mzembe mmoja huwaharibia jina mia, na kijana aliyeachwa bila mwelekezaji leo ndiye watakayelazimika kusahihisha makosa yake kesho. Baraza lipongezwe kwa kila tapeli linalomfichua. Lakini usiku ule mama atakapofikishwa hospitali ya wilaya akiwa na uchungu wa siku mbili, kitakachomwokoa ni kama miezi michache iliyopita kuna mtu aliyesimama kando ya kijana yule, akamshika mkono, na kukataa kutia sahihi mpaka alipoona kwamba ameweza.